Richard Martin, mbunge aliyewatetea wanyama wa kazi

Maksai anayelima Njombe na punda anayebeba mizigo Makambako wanalindwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Sheria za namna hii zilianzaje?

Tunamkumbuka Richard Martin, aliyezaliwa Ireland mwaka 1754. Wabunge wenzake walimcheka, lakini mwaka 1822 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria yake: kumtesa ng'ombe, farasi, punda au kondoo kukawa kosa la faini au kifungo. Yeye mwenyewe aliwafikisha watesaji mahakamani. Alidai mbwa nao walindwe, Bunge likakataa.

Alifariki mwaka 1834. Mwaka uliofuata, sheria ikapanuliwa na mbwa wakaingizwa.

Nasi tukiona punda mwenye vidonda anachapwa, tumwambie afisa mifugo.