Christopher Strachey: Mwalimu aliyeifanya kompyuta ijiigize yenyewe

KATIKA vyumba vya mitambo vya mabenki na kampuni za simu, mashine moja huweza kuhudumia ofisi nyingi kwa wakati mmoja, huku kila ofisi ikiamini kuwa ina kompyuta yake peke yake. Utaratibu huo wa kompyuta pepe, yaani kompyuta inayoigizwa ndani ya kompyuta nyingine, una waasisi wengi. Mmoja wao, ambaye jina lake halitajwi sana nje ya vyuo vikuu, alikuwa mwalimu wa shule ya bweni nchini Uingereza.

Christopher Strachey alizaliwa Novemba 16, 1916, Hampstead, London. Baba yake, Oliver Strachey, alikuwa mfumbuaji wa maandishi ya siri serikalini. Mama yake, Ray Strachey, alikuwa miongoni mwa wanawake waliopigania haki ya wanawake kupiga kura, na baba yake mdogo, Lytton Strachey, alikuwa mwandishi mashuhuri wa maisha ya watu.

Katika ukoo wa namna hiyo, kijana huyo hakuanza kwa kung'ara. Mwaka 1935 aliingia Chuo cha King's, Cambridge, lakini katika mwaka wake wa tatu aliugua kwa msongo wa akili, na hatimaye akahitimu kwa daraja lisilokuwa la kujivunia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi katika kampuni ya Standard Telephones and Cables, akishughulikia valvu za redio. Huko alitumia mashine ya kukokotoa kwa mara ya kwanza. Vita vilipokwisha, akawa mwalimu Canterbury, na kuanzia mwaka 1949 akafundisha katika Shule ya Harrow.

Januari 1951 rafiki yake alimkutanisha na watafiti wa Maabara ya Taifa ya Fizikia, waliokuwa na kompyuta iliyoitwa Pilot ACE. Mwalimu huyo akatumia likizo zake kuiandikia programu ya kucheza drafti, lakini kumbukumbu ya mashine ikawa haitoshi. Hapo akageukia Chuo Kikuu cha Manchester, ambako kompyuta kubwa zaidi ya Ferranti Mark 1 ilikuwa imefungwa mwaka huohuo. Aliyeandika kitabu cha mwongozo wake alikuwa Alan Turing, ambaye Strachey alimfahamu tangu Cambridge.

Turing hakumwacha aanze na drafti. Alimpendekezea kazi ngumu zaidi: aandike programu itakayoifanya Mark 1 ijiigize yenyewe. Programu hiyo ingeisoma programu nyingine amri moja baada ya nyingine, ikiitekeleza kwa niaba yake na kuikagua kila hatua. Kosa lililomo ndani lingeonekana kutoka nje. Kwa mafundi wa wakati huo, ambao makosa yao yalijitokeza kwa mashine kusimama tu bila maelezo, huo ulikuwa msaada mkubwa.

Strachey alirudi na programu yenye amri zipatazo 1,000, ndefu mno kwa kipimo cha siku zile, iliyoandikwa na mtu aliyekuwa hajawahi kuigusa mashine hiyo. Alipewa usiku mmoja. Kufikia asubuhi alikuwa amesahihisha makosa machache, programu ikafanya kazi, na ilipomaliza, honi ya kompyuta ikapiga wimbo wa taifa wa Uingereza. Usiku huo mmoja ulimtoa darasani. Mwaka 1952 aliajiriwa na shirika la serikali la kuendeleza uvumbuzi, na mwaka huohuo drafti yake nayo ikachezwa Manchester.

Baadaye alipiga hesabu za mradi wa njia ya maji ya Mto St. Lawrence akiwa Toronto, na akashiriki kusanifu kompyuta ya Pegasus. Lakini kazi inayomfunga moja kwa moja na mafundi wa leo ni mada aliyoiwasilisha Paris Juni 1959, katika mkutano wa UNESCO. Alieleza namna programu kadhaa zinavyoweza kugawana kompyuta moja, ili mtu mmoja asahihishe programu yake huku kazi za wengine zikiendelea. Msimamizi wa yote angekuwa programu moja kuu iliyolindwa dhidi ya makosa ya nyingine.

Ulinzi huo si jambo dogo. Programu iliyoharibika huweza kufutwa na kuanzishwa upya bila jirani kudhurika, kwa kuwa ni maandishi tu katika kumbukumbu. Kifaa halisi hakifutiki hivyo. Kadi ya mtandao iliyokabidhiwa kompyuta pepe moja huweza kuendelea kuandika katika kumbukumbu hata baada ya mwenye nayo kuzimwa. Kwa hiyo, msimamizi hulazimika kwanza kukizuia kifaa kisiandike, kusubiri kazi zilizokuwa njiani ziishe, kukirudisha katika hali yake ya mwanzo, ndipo akikabidhi kwa mwingine. Akikosea utaratibu, mtumiaji mpya hurithi mabaki ya yule wa kwanza. Vipo pia vifaa visivyoweza kuanzishwa upya peke yake: ukikigusa kimoja, vyote vilivyo kwenye njia moja navyo huzimika, pamoja na kazi za watu wasiohusika.

Mwaka 1974 Strachey mwenyewe alifafanua kuwa mwaka 1959 hakuwa amewaza juu ya watu wengi walioketi kila mmoja mbele ya mtambo wake, kama neno la kugawana muda lilivyokuja kueleweka. Si wagunduzi wengi wanaojipunguzia sifa namna hiyo.

Mwaka 1962 alikwenda Cambridge, alikoshiriki kubuni lugha ya CPL, ambayo ni babu wa lugha ya C. Kisha akaanzisha kikundi cha utafiti wa programu Oxford, na mwaka 1971 akawa profesa. Pamoja na Joe Stoy aliandika OS6, mfumo wa uendeshaji wa kompyuta ndogo, ambao uliwapa watafiti wa Xerox mawazo ya kuunda mfumo wa kompyuta yao ya Alto.

Alifariki dunia Mei 18, 1975, kwa homa ya ini, akiwa na umri wa miaka 58. Hakuwa mwepesi wa kuchapisha. Kitabu chake na Robert Milne kilitoka mwaka mmoja baada ya kifo chake, na mihadhara aliyoitoa Copenhagen mwaka 1967, iliyokuwa ikisomwa kwa nakala za mkono kwa mkono, ilichapishwa katika jarida mwaka 2000.