Al-Biruni: Aliyepima Dunia Akitafuta Kibla

 

Wacha tuanze na mlima wetu. Ukiwa Nyeri, Mlima Kenya uko kaskazini-mashariki. Ukienda Nanyuki unaukuta kusini-mashariki, Meru uko kusini-magharibi, na Embu uko kaskazini, umeegemea magharibi kidogo. Lakini kibla katika miji hii yote ni karibu kimoja: kaskazini, ukigeukia mashariki kwa digrii kati ya 5 na 8 tu. Kijana wa Nyeri anayeswali akiuelekea mlima amepotea kwa digrii zaidi ya 40!

Hili halijulikani kwa kukisia, ndugu msomaji. Linajulikana kwa hesabu, somo lile lile ambalo wengi wetu tulilikimbia shuleni. Leo tumkumbuke mmoja wa mabingwa wake, Abu Rayhan al-Biruni.

Utoto na vita

Alizaliwa mwaka 973 huko Kath, nchi ya Khwarazm, ambayo leo ni sehemu ya Uzbekistan. Mwalimu wake alikuwa Abu Nasr Mansur, mtu wa ukoo wa watawala na bingwa wa jiometri. Mwaka 995 vita vilizuka, watawala wa Kath wakapinduliwa, naye akiwa kijana wa miaka 22 akalazimika kukimbia kwao.

Hakuacha kusoma. Mwaka 997 mwezi ulipopatwa, yeye alitazama akiwa Kath, na mwanachuoni Abu al-Wafa akatazama akiwa Baghdad, kwa mapatano. Walipolinganisha saa zao wakajua miji hiyo imeachana kiasi gani mashariki kwa magharibi. Siri yake ni rahisi: digrii 1 ni sawa na dakika 4 za saa. Ndio maana sisi wa Nyeri jua letu huchwa baada ya la Mombasa, kwa wastani dakika kama 11. Kwa hiyo ukisikia adhana ya Magharibi ya Mombasa redioni, bwana, tende iweke chini kwanza!

Mbali na kwao

Mwaka 1017 Sultan Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarazm na kuwachukua wanachuoni wake hadi Ghazna, Afghanistan ya leo. Al-Biruni alikuwa miongoni mwao, na maisha yake ya mwanzo huko yalikuwa karibu na ya mateka. Mwaka 1018 alikuwa kijijini karibu na Kabul, hana chombo hata kimoja cha kupimia. Alichofanya ni kugeuza ubao wake wa hesabu, akachora digrii mgongoni mwake, akaning'iniza uzi wenye uzito, akapima jua. Sisi tukikosa kikokotoo tu tunasema mtihani ni mgumu.

Mwaka 1025 alikamilisha kitabu kuhusu kupata mahali pa miji, na shabaha yake kubwa ilikuwa kibla cha Ghazna. Humo ndimo alimoeleza alivyoipima dunia. Alipokuwa ngome ya Nandana, Pakistan ya leo, aliona mlima unaotazama uwanda mpana. Alipima kwanza urefu wa mlima akiwa chini. Kisha akapanda juu, akapima upeo wa macho umeshuka kiasi gani: zaidi kidogo ya nusu digrii. Kwa namba hizo mbili akapata nusu kipenyo cha dunia, na kwa hesabu za wengi jibu lake linakaribia sana kilomita 6,371 tunazozijua leo.

Na sisi je?

Kalkulasi ilikuja kukamilishwa Ulaya karne ya 17, zaidi ya miaka 600 baadaye. Lakini mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi au cha Karatina anayehangaika na kalkulasi ya vigeu vingi angemwelewa al-Biruni haraka. Kibla cha mji kinategemea vigeu viwili, latitudo na longitudo. Ukibadilisha kimoja, jibu linabadilika. Tena hesabu ni ya juu ya tufe, si ya karatasi bapa. Ukitazama ramani ya ukutani utadhani aliye New York aelekee kusini-mashariki, kumbe njia fupi ya Makka inaanzia kaskazini-mashariki.

Basi, dada na kaka, mkiambiwa hesabu za chuo hazina kazi katika dini, mjue jibu.

Saa ya mwisho

Al-Biruni aliandika vitabu zaidi ya 100, akafariki Ghazna yapata mwaka 1048. Inasimuliwa kuwa faqihi mmoja alimzuru akiwa taabani, pumzi zinakata. Al-Biruni akamkumbusha suala la mirathi waliloliongea zamani, akataka alieleze tena. Mgeni akaona huruma, akashangaa vipi katika hali ile. Mgonjwa akamjibu kwamba ni heri aiage dunia akilijua suala lile kuliko kuiaga hajui. Akaelezwa, akalirudia lote. Mgeni alipotoka, hajafika mbali, akasikia kilio nyumbani.

Ndugu yangu, wewe uliyefunga daftari la hesabu mwaka jana ukasema basi, una pumzi bado. Lifungue baada ya tarawehe.

Allah amrehemu, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.