Paul Klipsch: Mhandisi aliyeithamini kila wati

WAPENZI wa muziki mjini Machakos ambao wangali na santuri za Kakai Kilonzo na bendi yake ya Kilimambogo Brothers wanalijua tatizo hili. Amplifaya ya kale ya valvu ina sauti tamu, lakini nguvu zake ni haba. Ikiunganishwa na spika ndogo za kisasa hulemewa, na muziki huanza kukwaruza hata kabla ya sauti kuenea chumbani. Wengi huilaumu amplifaya.

Mhandisi Mmarekani, Paul Wilbur Klipsch, aliutumia umri wake wote kuthibitisha kwamba mara nyingi mkosaji ni spika.

Klipsch alizaliwa Machi 9, 1904, katika mji wa Elkhart, jimbo la Indiana. Babake alifariki angali mvulana. Akiwa na umri wa miaka 15 hivi, aliunda spika yake ya kwanza kwa kuunganisha vifaa vya kusikilizia vya masikioni na mrija wa karatasi ngumu. Huo ulikuwa mwanzo wa safari ndefu.

Alihitimu uhandisi huko New Mexico mwaka 1926, ambako pia alipiga tarumbeta katika bendi ya chuo. Baadaye aliajiriwa na kampuni ya General Electric, kisha akaenda Chile mwaka 1928 kuhudumia garimoshi za umeme katika migodi ya chumvi ya naitreti. Aliporejea alisoma Chuo Kikuu cha Stanford, akahitimu mwaka 1934, na kufanya kazi ya kutafuta mafuta ardhini jimboni Texas.

Vita Vikuu vya Pili vilimpeleka Hope, mji mdogo wa Arkansas, akiwa ofisa katika kituo cha kijeshi cha kujaribia silaha. Huko ndiko alikokamilisha spika aliyokuwa akiiwaza kwa miaka mingi. Wageni waliomtembelea na kuisikia walistaajabu, wakamhimiza aiuze. Mnamo 1946 alianzisha kampuni yake mjini humo. Mwanzoni alifanya kazi peke yake, hadi mwaka 1948 alipomwajiri mfanyakazi wa kwanza.

Spika hiyo, Klipschorn, ilitumia kanuni ya pembe, ile ile inayoifanya tarumbeta isikike mbali kwa pumzi ya mtu mmoja. Pembe hukisaidia kiwambo kidogo kuusukuma upepo mwingi. Lakini mawimbi ya besi ni marefu. Sauti ya mitetemo 40 kwa sekunde ina wimbi la zaidi ya mita 8. Pembe iliyonyooka ya kutoa sauti hiyo isingeingia sebuleni. Klipsch aliikunja ndani ya kabati la mbao, akaliweka kwenye kona ili kuta mbili na sakafu ziwe mwendelezo wa pembe yenyewe.

Manufaa yake yanaonekana katika hesabu. Spika nyingi za nyumbani zikipewa wati 1 hutoa takriban desibeli 86 zikipimwa umbali wa mita 1. Kila desibeli 3 zinazoongezwa hudai nguvu maradufu. Hivyo, spika ya desibeli 96 hufanya kwa wati 8 kazi ambayo ile ya 86 ingehitaji wati 80. Watengenezaji wa Klipschorn huitaja kuwa na desibeli zipatazo 105. Amplifaya yenye valvu moja ya aina ya 300B, ambayo hutoa wati 8 tu, huiendesha bila jasho.

Aidha, Klipsch alishikilia kwamba faida kuu haikuwa kelele bali usafi. Kiwambo kisicholazimika kucheza sana hakiharibu sauti.

Hata hivyo, dunia ilichukua njia nyingine. Mwaka 1954 Mmarekani mwenzake, Edgar Villchur, alileta spika ndogo ya kisanduku kilichofungwa, iliyotoa besi nzito lakini iliyotaka nguvu nyingi. Transista zilipofanya wati kuwa rahisi kununua, wanunuzi waliona hakuna haja ya makabati makubwa. Klipsch hakutikisika. Aliendelea kuunda za pembe, zikiwemo Heresy ya mwaka 1957 na La Scala ya 1963.

Haimaanishi kwamba Klipschorn haina dosari. Ni kubwa, ni ghali, na chumba kisicho na kona mbili nzuri hakiifai.

Alifariki Mei 5, 2002, mjini Hope, akiwa na umri wa miaka 98. Wakati huo amplifaya za valvu zilikuwa zimepata mashabiki wapya, nao walizisaka spika za aina yake.

Kwa mkazi wa Machakos, hasa anayetegemea betri na sola, funzo lingali pale pale. Kabla ya kununua amplifaya yenye wati nyingi, aulize spika ina desibeli ngapi kwa wati moja. Kwa mwenye valvu, 95 na zaidi ni mwanzo mwema, mradi ukinzani wa spika usishuke mno. Fundi seremala stadi, kama wale wa Wamunyu wanaosifika kwa kuchonga vinyago, atajua mengine: mbao nene, viungo vilivyokazwa na subira.