Marie Stopes Alikuwa Nani? Story ya Mwanamke Nyuma ya Jina la Kliniki

Ukitaja Marie Stopes mtaani, iwe Kitale, Bungoma ama Nairobi, watu wanashika rada mara moja: hizo ni story za kupanga uzazi. Wasee wengi hudhani ni jina tu la kliniki. Zii. Alikuwa mtu, na maisha yake yalikuwa na drama kuliko hizo series unakesha nazo.

Alizaliwa 1880 huko Edinburgh, Scotland. Kichwa chake kilikuwa moto balaa. 1904 alipata udaktari kule Munich, Ujerumani, lakini si wa kutibu watu. Alikuwa daktari wa mimea, ile ya kale iliyogeuka mawe na makaa.

Ndoa ndiyo ilimsumbua. Aliolewa 1911, na 1916 korti ikaibatilisha baada ya yeye kusema tendo la ndoa halikuwahi kufanyika. Imagine, msomi mzima, na hakuna mtu alikuwa amemchanua mambo ya chumbani! Akazama kwa vitabu, na 1918 akatoa chake, Married Love. Kilinunuliwa mbio mbio. Barua zikamiminika, nyingi za wamama waliochoka kuzaa bila kupumzika.

Tarehe 17 Machi 1921, yeye na mume wake wa pili, Humphrey Verdon Roe, wakafungua Mothers' Clinic huko Holloway, London. Huduma ilikuwa ya bure, na wakunga ndio waliokupokea. Mama aliyeolewa alifunzwa kutumia kikofia cha mpira cha kuziba mlango wa kizazi.

Kelele zikaanza. Daktari mmoja Mkatoliki, Halliday Sutherland, akaandika kwamba maskini wanafanyiwa majaribio. Marie akampeleka kortini. Kesi ikapanda hadi ngazi ya mwisho, na 1924 Marie akashindwa. Lakini kufikia hapo, nchi nzima ilikuwa imesikia kuhusu kliniki yake.

Sasa shika hii: Marie alipinga kutoa mimba. Na noma yenyewe ni kwamba aliamini watu aliowaona dhaifu ama wagonjwa hawafai kuzaa kabisa. 1948, kijana wake alipooa dem wa miwani, Marie aliipinga hiyo harusi akihofia wajukuu watarithi macho mabovu. Alifariki 1958, na kliniki akaachia chama cha watu wenye imani kama yake.

Baadaye kliniki ikafilisika. 1976 Tim Black na wenzake wakaifufua, wakaanzisha shirika lisilo la faida lililofika Kenya 1985. Mwaka wa 2020, shirika la kimataifa likaacha jina lake na kujiita MSI Reproductive Choices, ili lijitenge na hizo imani.

Kwa hivyo usimfanye malaika, na usifute kazi yake pia. Alifungulia wanawake mlango, halafu akataka kuchagua nani azae na nani asizae. Mathe anayeuza vitunguu soko ya Chwele hahitaji kuamuliwa na bwana, mama mkwe, serikali ama msomi wa London. Anahitaji kuelezwa ukweli wote, kisha aachiwe aamue mwenyewe. Ukiingia kliniki yoyote, angalia hiyo kwanza: wanakuuliza unataka nini, ama wanakuambia?