Bismarck na Mifuko ya Wagonjwa

Jina la Otto von Bismarck twalijua kwa habari za vita na makoloni. Alizaliwa Udachi, yaani Ujerumani, mwaka 1815, katika jamaa ya Kilutheri yenye mashamba. Alipokuwa Waziri Mkuu aliwachukia sana wasoshalisti, akawapigia marufuku vyama na magazeti yao mwaka 1878. Walakini aliona ya kuwa mtu wa kiwandani akiugua hukosa mshahara, watoto hulala njaa, naye huwafuata hao hao wanaomwahidi msaada. Basi mwaka 1883 ikatoka sheria: wafanya kazi watie mfukoni mafungu mawili na tajiri fungu moja, mgonjwa apate mganga, dawa, na nusu ya mshahara hata majuma 13. Serikali yenyewe haikutia fedha, ililazimisha tu. Wapenda uhuru wa biashara walinung'unika kwamba yaingilia mambo ya watu. Wasoshalisti wakaikataa, wakiiona kuwa chambo. Nasi twaona hawakukosa kabisa. Lakini mgonjwa alipata dawa yake. Bismarck aliondoka kazini mwaka 1890, akafa 1898. Wasoshalisti hawakupungua, na mifuko ile ingaliko hata leo.