Linus Pauling: Gwiji wa Kemia na Kidonge cha Mafua

Miongoni mwa wanasayansi wa karne ya 20 ambao majina yao yalivuka kuta za maabara, Linus Carl Pauling ana nafasi ya pekee. Hadi leo ndiye mtu pekee aliyetunukiwa Tuzo mbili za Nobel bila kugawana na mwingine. Hata hivyo, makala haya hayakusudii kumsifu. Yanamtazama kwa sababu ya kidonge cha vitamini C ambacho mwenye mafua hukinunua bila cheti cha daktari, awe Nairobi au Tarbaj katika Kaunti ya Wajir. Sehemu kubwa ya heshima ya kidonge hicho ilitokana na jina lake.

Pauling alizaliwa tarehe 28 Februari 1901 mjini Portland, katika jimbo la Oregon, Marekani. Baba yake, Herman, alikuwa mfamasia. Alifariki mwaka 1910, akamwacha mwanawe akiwa na umri wa miaka tisa, na mama akalazimika kupangisha vyumba ili familia ipate riziki. Kijana huyo alisoma huku akifanya vibarua, akahitimu shahada ya kwanza mwaka 1922, akamwoa Ava Helen Miller mwaka 1923, na mwaka 1925 akapata shahada ya uzamifu katika Taasisi ya Teknolojia ya California.

Yaliyofuata ni mengi, nasi tutayagusia tu. Kitabu chake cha mwaka 1939 kilieleza jinsi atomu zinavyoungana kufanya molekuli. Mwaka 1949, yeye na wenzake walionyesha kwamba selimundu, maradhi yanayofahamika sana pwani na magharibi mwa Kenya, yanatokana na kasoro katika molekuli ya himoglobini. (Miaka mitano baadaye Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alichapisha ushahidi kwamba anayerithi kasoro hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria.) Nobel ya Kemia ilikuja mwaka 1954. Kwa kuyapinga majaribio ya mabomu ya nyuklia, Pauling aliwahi kunyimwa pasipoti na serikali yake. Lakini mwaka 1958 aliwasilisha Umoja wa Mataifa ombi lililotiwa sahihi na wanasayansi zaidi ya 11,000, na baadaye akapewa Nobel ya Amani ya mwaka 1962.

Mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 65, alipokea barua kutoka kwa mwanakemia Irwin Stone, aliyemshauri ameze miligramu 3,000 za vitamini C kila siku. Pauling na mkewe walifuata ushauri huo, wakahisi kwamba mafua yamewapungukia. Mwaka 1970 alichapisha kitabu kuhusu vitamini C na mafua, na Wamarekani wakamiminika madukani kununua vidonge.

Ushahidi wake ulikuwa na nguvu gani? Aliuegemea sana utafiti wa mwaka 1961 uliofanywa Uswisi kwa vijana 279 waliokuwa wakiteleza juu ya theluji. Vijana hao, kwa maoni yangu, hawawezi kumwakilisha mwalimu wa Tarbaj wala karani wa Nairobi. Terence Anderson wa Toronto alipoijaribu hoja hiyo kwa watu wapatao 800, katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1972, aligundua kwamba idadi ya mafua haikupungua sana, ingawa siku za kulazwa nyumbani zilipungua kwa takriban asilimia 30. Pauling aliyashika yaliyomwauni, na umma ukamshika yeye. Nobel ya Kemia haikutolewa kwa utafiti wa mafua, ila mnunuzi wa kidonge hatenganishi mambo hayo.

Mapitio ya tafiti 29 zilizohusisha watu 11,306, yaliyotolewa mwaka 2013, yamelipa suala hili jibu lililo wazi zaidi. Kumeza vitamini C kila siku hakumkingi mtu wa kawaida asipate mafua. Huyapunguzia muda kidogo, kwa asilimia 8 kwa watu wazima na 14 kwa watoto. Anayeanza kumeza baada ya pua kuanza kuchuruzika hana faida ya kutegemewa, na hivyo ndivyo wengi wetu tunavyofanya. Waliopata kinga ya kweli, kiasi cha nusu, ni wakimbiaji wa masafa marefu, watelezaji wa theluji na askari walio katika mazoezi ya baridi kali.

Kwa mama wa Tarbaj anayepima shilingi zake kati ya vidonge na chakula, tofauti hiyo si ndogo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 45 kwa siku kwa mtu mzima, kiasi ambacho chungwa moja la wastani hukitimiza. Maziwa ya ngamia nayo yana vitamini C kuliko ya ng'ombe, japo kuyachemsha huipunguza. Vyakula hivi humkinga na kiseyeye. Mafua ni jambo jingine.

Ava Helen alifariki mwaka 1981 kwa saratani ya tumbo. Pauling alifariki tarehe 19 Agosti 1994 kwa saratani ya tezi dume, akiwa na miaka 93, bila kuuacha msimamo wake. Taasisi yenye jina lake ilihamishiwa mwaka 1996 katika chuo alichosomea shahada ya kwanza, na sasa huwashauri watu wazima wapate angalau miligramu 400 kwa siku.