Bibi Joy wa Filamu na Bibi Joy wa Meru

Wengi tulimjua marehemu Joy Adamson kwa filamu ya Born Free, iliyotoka mwaka 1966. Mume, bwana nyama, huenda porini. Mke hubaki nyumbani akimnywesha maziwa Elsa, mtoto wa simba, kana kwamba amemzaa. Hata waigizaji wenyewe, Virginia McKenna na Bill Travers, walikuwa mke na mume.

Joy wa kweli alizaliwa Troppau, katika dola ya Austria, mwaka 1910, akaolewa mara tatu. Mimba zake ziliharibika, wala hakujaliwa mtoto. Kabla ya Elsa alikwisha kujipatia jina kwa kuchora maua na watu wa Kenya, kazi ya kuchora watu ikilipwa na serikali ya kikoloni. Kitabu cha 1960 kilichozaa filamu aliandika yeye.

Wakati filamu hiyo ikizunguka duniani, Joy na mumewe George, aliyemwoa mwaka 1944, walikuwa katika mbuga ya Meru, kila mtu na kambi yake: George na simba waliobaki baada ya filamu, Joy na duma wake Pippa. Hapana talaka, na nyumba moja hapana. Kwetu Pwani wazee wa pande mbili wangalikwisha kuitwa! Katika filamu hayo hayamo. Mke aliyependwa na watazamaji ni yule wa chupa ya maziwa.

Joy aliuawa Shaba tarehe 3 Januari, 1980. Majivu yake yalipelekwa Meru, kwenye makaburi ya Elsa na Pippa. George naye aliuawa mwaka 1989, akazikwa Kora, karibu na nduguye na simba wake.